Idjwi, kisiwa cha wageni waliopewa jembe

Kwa miaka mingi, mwanamke wa Bukavu anayetaka mananasi matamu anashuka mpaka soko la Muhanzi, pembeni ya ziwa, na kungojea maboti ya Idjwi. Kule Goma, kwenye bandari ndogo ya Kituku, ni hivyo hivyo: ndizi, mihogo, maharagi, kahawa na sambaza vinashushwa mgongoni mwa vijana, na wauzaji wanapigania mizigo kabla haijagusa mchanga. Miji hii miwili mikubwa ya Kivu inakula kutoka kisiwa ambacho wakaaji wake wengi hawajawahi kukanyaga. Idjwi ni kama mtaa wa Goma na wa Bukavu kwa wakati mmoja, lakini mtaa uliozungukwa na maji.

Katika Kayna, Kanyabayonga, Kirumba na kwingine kusini ya teritware ya Lubero, jina la Idjwi linajulikana kwa sababu nyingine. Wakati vita vilipopita Masisi, Rutshuru, Kalehe na Walikale, watu walizoea kusema kwamba kuna mahali pamoja tu katika Kivu ambapo bunduki hazikulia sana: Idjwi. Katika vita viwili vikubwa, vya 1996 na vya 1998, kisiwa hicho hakikuona mauaji makubwa na mapigano ya miaka mingi ambayo pande zingine ziliona. Wengi wanatoa jibu rahisi: ni maji. Ziwa limewalinda.

Historia ya kisiwa inaonyesha jambo lingine. Maji hayakuwalinda watu wa Idjwi hata mara moja wakati mwenye nguvu alipotaka kuvuka. Ziwa lilikuwa barabara, na kwenye barabara hiyo walipita wafalme, askari wa wazungu, wakimbizi na wachuuzi. Kinachostahili kuangaliwa ni namna watu wa kisiwa walivyowageuza waliofika kuwa wenyeji. Kwa jamaa za Kayna ambazo leo zinalala katika nyumba za watu huko Lubero, Butembo au Beni, na kwa wale waliozipokea, hiyo ni historia ya karibu kuliko inavyoonekana kwenye ramani.

Kisiwa chenyewe

Idjwi iko katikati ya Ziwa Kivu, kwenye urefu wa mita kama 1,460 juu ya bahari. Kutoka ncha ya kaskazini mpaka ncha ya kusini ni kilomita kama 40, na eneo lake lote ni kilomita za mraba kama 300. Kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika, ni Ukerewe tu, katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, inayoipita kwa ukubwa. Katikati kuna mgongo wa milima, na pembeni kuna ghuba nyingi na visiwa vidogo vidogo. Upande wa magharibi, ng’ambo ya maji, ni Kalehe. Upande wa mashariki ni Rwanda. Mpaka wa nchi unapita ndani ya maji, kati ya kisiwa na Rwanda.

Kwa utawala, Idjwi ni teritware ya jimbo la Kivu ya Kusini. Ina usultani mbili: Rubenga upande wa kaskazini, ambako iko Bugarula, makao ya teritware, na Ntambuka upande wa kusini. Wakaaji ni zaidi ya laki mbili, na wengi wao ni Bahavu. Wako pia Bambuti, ambao wengine wanawaita Batwa, na ambao wote kisiwani wanakubali kwamba ndio waliotangulia.

Hakuna mlima wenye madini makubwa ya kuvuta majeshi. Hakuna barabara ya taifa inayopita. Hiyo ni sehemu ya maelezo ya amani ya kisiwa, na hakuna haja ya kuificha. Mwenye bunduki hupenda mahali penye kodi, machimbo na njia ya magari. Lakini hiyo haielezi namna watu wengi hivyo, waliotoka pande nyingi hivyo, walivyoweza kukaa pamoja juu ya ardhi ndogo hivyo.

Koo zilizofika kwa mtumbwi

Mwandishi wa historia David Newbury, Mmarekani, aliishi Idjwi katika miaka ya 1970 na kusikiliza wazee wa milima yote. Kitabu chake juu ya wafalme na koo za Idjwi kilitoka mwaka 1991. Jambo kubwa alilolionyesha ni kwamba, ukiacha Bambuti, karibu kila ukoo wa kisiwa una habari ya kufika. Wazee hawasemi kwamba walitoka ndani ya ardhi ya Idjwi. Wanasema: sisi tulivuka.

Wengine walivuka kutoka mashariki, katika milima ambayo leo ni ya Rwanda, mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Wengine walitoka magharibi, kwenye pwani ya Buhavu. Walivuka kwa sababu ambazo mtu wa Kivu wa leo anaweza kuzitaja bila kufundishwa: njaa, ugomvi wa ardhi, mfalme mkali anayepanua utawala wake, vita vya ndugu kwa ndugu. Balega, Banyakabwa, Banyambiriri na koo zingine zilikata pori, zikalima, zikaoana. Kila mmoja alikuwa mgeni wa aliyemtangulia.

Ufalme wenyewe ulikuja baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwendanga, wa ukoo wa Basibula uliotawala pia Buhavu ya ng’ambo ya magharibi, alisimama kuwa mwami wa Idjwi. Hapa ndipo jambo linapokuwa la maana. Mwami naye alikuwa mgeni. Hakuwakuta watu wasio na mambo yao. Alikuta koo zenye wakubwa wake na mila zake. Kama angetaka kuwatawala kwa mkuki tu, ziwa lilikuwa wazi na mitumbwi ilikuwepo: watu wangevuka tena, kama walivyokuwa wamevuka kwanza.

Ufalme wa Idjwi ulisimama kwa kugawa kazi. Kila mwaka kulikuwa na sherehe ya muganuro, sherehe ya mavuno ya kwanza, ambapo mwami anaonja nafaka mpya kabla ya nchi yote kuila. Sherehe hiyo haikuwa ya mwami peke yake. Kulikuwa na koo ambazo bila wao haiwezi kufanyika: kila mmoja na kazi yake, siku yake na kitu chake cha kuleta. Ukoo uliopewa kazi katika muganuro haukuwa tena ukoo wa wageni. Nani anaweza kumwambia mtu arudi alikotoka, wakati bila yeye mavuno ya nchi hayawezi kufunguliwa?

Waswahili wana methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi wanaisema kama onyo kwa mgeni mvivu. Idjwi inaonyesha upande wake wa pili, ambao ni onyo kwa mwenyeji. Jembe ni zaidi ya kazi. Ni ruhusa ya kulima, na ruhusa ya kulima ni mwanzo wa kuwa mtu wa pale. Mwenye kunyimwa jembe atabaki mgeni hata akikaa miaka 30.

Vita vilivuka maji

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Kigeri Rwabugiri alitawala Rwanda. Alikuwa mtu wa vita. Alipigana kaskazini, kusini na magharibi, na Idjwi ilikuwa kati ya nchi alizozitaka. Mwami wa kisiwa wakati huo alikuwa Kabego, mwana wa Mwendanga. Majeshi ya Rwabugiri yalikuja kwa mitumbwi. Maji hayakuwazuia, na ugomvi ndani ya jamaa ya mwami uliwasaidia, kwa kuwa mwana mmoja wa Kabego, Nkundiye, alishirikiana na Rwabugiri kabla ya wao wawili kugombana. Kabego aliuawa, na kisiwa kikawa chini ya Rwabugiri. Alijenga makao yake hapo, akatumia Idjwi kama daraja la kushambulia nchi za magharibi.

Mwaka 1895 Rwabugiri alikufa akiwa katika safari ya vita ya kwenda Bushi. Utawala wake juu ya kisiwa ulivunjika mara moja, na Ndogosa, wa jamaa ileile ya Basibula, akarudisha ufalme. Koo zilikuwa bado zipo. Muganuro ulikuwa bado unajulikana. Utawala wa mkuki haukudumu, na kile kilichofungwa kwa kazi na ndoa kilibaki.

Habari hii inaweza kutumiwa vibaya, hasa katika wakati huu ambapo maneno juu ya nani alitoka wapi yanaua. Kwa hiyo ni vizuri kuisema yote. Kati ya koo zilizopigana na Rwabugiri kulikuwa na nyingi ambazo mababu wao walitoka katika milima ya Rwanda vizazi viwili au vitatu mbele. Hawakuuliza kwanza damu ilitoka upande gani wa ziwa. Walikuwa watu wa Idjwi, kwa sababu Idjwi ilikuwa imewapa mahali.

Kalamu ya Brussels na bunduki za 1914

Mwaka 1894, Mjerumani von Götzen alivuka Rwanda yote kwa miguu na kufika Ziwa Kivu. Hakuna mzungu aliyekuwa ameliona kabla yake. Baada ya hapo, Wajerumani wa upande wa mashariki na watu wa mfalme Leopold wa pili upande wa magharibi walibishana miaka mingi juu ya nani mwenye ziwa. Mipaka ya mwanzo ilichorwa Ulaya na watu waliokuwa hawajui hata kwamba ziwa liko wapi. Idjwi ilidaiwa na pande zote mbili.

Mwezi wa tano 1910, Wajerumani, Wabelji na Waingereza walikutana Brussels na kukubaliana. Idjwi ilipewa Kongo ya Wabelji. Kisiwa kidogo cha Nkombo, upande wa kusini karibu na pwani ya Rusizi, kilibaki upande wa Rwanda, ingawa watu wake wanasema lugha ya jamaa moja na Kihavu. Siku hiyo hakuna mtu wa Idjwi aliyeulizwa. Ndoa, mashamba na madeni yaliyokuwa pande mbili za maji yakawa mambo ya nchi mbili.

Miaka minne baadaye, vita vya Ulaya vikafika ziwani. Tarehe 24 mwezi wa tisa 1914, Wajerumani walivuka kwa maboti na kukamata Idjwi kutoka kwa kikosi kidogo cha Wabelji. Walikaa hapo mpaka 1916, wakati jeshi la Wabelji, Force Publique, lilipoingia Rwanda na kuwafukuza. Kwa mara ya pili katika miaka 50, kisiwa kilikuwa kimechukuliwa kwa njia ya maji.

Wakaaji wa Kayna hawahitaji maelezo marefu ili kuelewa jambo hili. Barabara ya taifa namba 2 inayotoka Goma kupitia Rutshuru, Kanyabayonga, Kayna, Kirumba na Lubero mpaka Butembo ndiyo iliyojenga masoko yao. Kwa njia hiyo maharagi, viazi na samaki wa Vitshumbi walipata wanunuzi. Na kwa njia hiyo hiyo, mwishoni mwa mwezi wa sita 2024, vita vilipanda kutoka Kanyabayonga na watu wakakimbia wakiwa na magodoro kichwani. Kinacholeta mnunuzi ndicho kinacholeta askari. Ziwa kwa Idjwi ni kama barabara hiyo.

Kahawa, sambaza na vifo vya usiku

Utawala wa Wabelji ulileta kodi, kazi za lazima na mashamba makubwa ya wazungu. Kahawa na miti ya kwinini ilipandwa kwenye ardhi ambayo watu walikuwa wakilima chakula. Baada ya uhuru wa 1960 mashamba makubwa yalianguka polepole, lakini kahawa ilibaki mikononi mwa wakulima wadogo, kila mtu na miti yake nyuma ya nyumba, kati ya migomba.

Ziwa nalo lilibadilika. Mwishoni mwa miaka ya 1950, samaki wadogo walitolewa Ziwa Tanganyika na kumwagwa Ziwa Kivu ili watu wapate chakula. Samaki hao ndio sambaza wa leo. Wavuvi wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wanatandaza wavu kati yake na kuwasha taa ili samaki wapande. Wanapiga makasia huku wakiimba, na usiku kutoka kwenye milima ya Kalehe taa zao zinaonekana kama mji uliojengwa juu ya maji. Watoto wengi wa Idjwi, Goma na Bukavu walikua kwa sambaza hao.

Kahawa haikuleta furaha iliyotarajiwa. Kwa miaka mingi bei ya upande wa Kongo ilikuwa ya chini na kodi zilikuwa nyingi, kumbe ng’ambo, Rwanda, bei ilikuwa nzuri. Wanaume wa Idjwi, Minova na Kalehe walianza kuvuka usiku na magunia ya kahawa katika mitumbwi iliyojaa kupita kiasi, bila taa ili wasionekane. Ziwa Kivu, ambalo kina chake kinafika karibu mita 480, lina upepo unaoamka ghafla. Wengi hawakurudi. Katika vijiji vya pwani kuna wajane wengi wa biashara hiyo, na wengi wao hawakupata hata mwili wa kuzika.

Dawa ilitoka kwa wakulima wenyewe. Huko Minova, koperative ya SOPACDI, iliyoanza 2003, ilionyesha kwamba kahawa ikioshwa vizuri na kuuzwa pamoja inaweza kupata mnunuzi wa mbali kwa bei ya haki. Kisiwani Idjwi, koperative ya CPNCK ilifuata njia hiyo. Mkulima anapopeleka kahawa yake mchana kwenye kituo cha kuoshea, hana sababu ya kuingia ziwani usiku. Watu wachache wanahesabu faida ya koperative kwa idadi ya waume waliobaki hai, lakini wanawake wa pwani wanaijua hesabu hiyo.

Hata hivyo ziwa bado linachukua watu. Tarehe 15 mwezi wa nne 2019, boti lilizama upande wa Kalehe, karibu na Makengere, na watu zaidi ya mia moja wakapotea. Serikali ilisema kila abiria avae jile ya kuokolea. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti lililoitwa Merdi, kutoka Minova, lilipinduka karibu kabisa na Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakingojea ndugu zao pwani. Makumi ya watu walikufa. Abiria wengi walikuwa wamepanda boti kwa sababu barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na vita. Vita havikuwapiga risasi, lakini viliwatoa barabarani na kuwapandisha boti lililojaa.

Walipofika tena wageni

Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu walivuka mpaka kwa mamia ya maelfu. Dunia iliona Goma, kambi zake na kipindupindu chake. Idjwi haikuonekana sana, lakini makumi ya maelfu ya wakimbizi walifika pia huko kwa mitumbwi na maboti. Kisiwa kilichokuwa tayari kimejaa kikaongeza midomo. Miti ya milimani ikakatwa kwa kuni na kwa mashamba, na mmomonyoko wa udongo ukaongezeka. Baadaye, kila mara vita vilipowaka Masisi, Kalehe au Goma, jamaa zingine zilivuka na kutafuta ndugu wa mbali au rafiki wa baba.

Kupokea kulikuwa na bei. Sehemu nyingi za Idjwi zimegawanywa mpaka shamba la mtu linaweza kuwa uwanja mdogo tu, na mwana wa nne hajui atalima wapi. Vijana wanakwenda Goma na Bukavu kutafuta kazi. Miaka mingi mashirika makubwa yalipeleka misaada mahali palipokuwa na vita, na kisiwa kisicho na vita kikaachwa na vituo vya afya visivyo na dawa, barabara mbaya na nyumba nyingi zisizo na umeme. Watu wa Idjwi wamekuwa wakisema kwa uchungu kwamba amani yao haikuwalipa kitu. Mtoto anayekufa na malaria mahali penye amani hahesabiwi kati ya waliokufa kwa vita, lakini mama yake analia vilevile.

Na kuna Bambuti. Historia ya Idjwi ni nzuri kwa wale waliokuja kwa mtumbwi, lakini haikuwa nzuri hivyo kwa wale waliowakuta. Msitu ulipoisha, maisha yao ya kuwinda yaliisha nao. Leo wengi wao wanaishi pembeni ya ziwa kwenye ardhi ambayo si yao, wanafinyanga vyungu na kufanya vibarua katika mashamba ya wengine. Wao ndio wa kwanza, na ndio wasio na shamba. Kisiwa kilichojua kuwapa wageni jembe hakikujua, au hakikutaka, kumbakizia mwenyeji wa kwanza ardhi ya kulima kwa jembe hilo. Anayetaka kuisifu Idjwi lazima aseme na hilo.

Kutoka Idjwi mpaka Kayna

Kwa nini basi kisiwa hakikuwaka kama pande zingine? Sababu ya kutokuwa na machimbo ni ya kweli. Sababu ya kutokuwa na barabara ni ya kweli pia. Lakini kuna nyingine. Masisi na Rutshuru nako watu walifika kutoka pande nyingi, na huko swali la nani mgeni na nani mwenyeji lilifanywa kuwa swali la nani ana haki ya ardhi, kisha la nani ana haki ya kuishi. Idjwi nayo ingeweza kuuliza swali hilo. Koo zake zina mizizi pande zote mbili za mpaka. Lakini kwa vizazi vingi jibu lilikuwa limeshawekwa katika ndoa, katika mashamba yaliyopakana na katika mila zilizohitaji watu wote. Ilikuwa vigumu kumfukuza jirani ambaye mkono wake umo katika kila jambo.

Hilo halikuwa tabia ya damu wala zawadi ya ziwa. Ilikuwa kazi ya watu, na kazi hiyo inaweza kuharibika. Ardhi ikiendelea kupungua, Bambuti wakiendelea kusahauliwa, vijana wakikosa la kufanya, amani ya zamani haitajilinda yenyewe.

Miaka ya 2022, 2023 na mwanzo wa 2024, Kayna, Kirumba na Kanyabayonga zilipokea maelfu ya jamaa zilizokimbia Rutshuru na Masisi. Watu walilala katika shule, makanisa na nyumba za watu. Wenyeji waligawa chumba, sufuria na shamba la kulima kwa msimu. Kisha vita vikafika, na aliyekuwa akipokea akawa anapokelewa. Mama aliyempa mwenzake wa Rutshuru godoro alijikuta Lubero au Butembo akiomba godoro. Wengine wamerudi na kukuta mashamba yamekuwa pori. Wengine bado wako kwa watu.

Katika nyumba hizo siku ya tatu ilipita zamani. Jamaa nyingi zilizopokea hazina kitu cha kuongeza: chumba kimoja kinalaza watu kumi, na unga unaisha kabla ya juma kuisha. Mgeni naye anachoka kuitwa mgeni. Hapo ndipo ugomvi mdogo wa maji, kuni au choo unapokuwa ugomvi wa “ninyi” na “sisi”. Msaada wa chakula ukija, una faida yake, lakini unapita. Kinachobaki ni mambo madogo: kipande cha shamba la kulima kwa msimu na mapatano yanayojulikana mbele ya mkubwa wa mtaa, nafasi ya mtoto darasani, kiti katika mkutano wa kata, mkono katika salongo ya siku ya kazi ya wote. Na kwa mgeni, ni kushika jembe hilo bila kungoja kusukumwa, na kukumbuka kwamba mwenyeji naye ana watoto watakaohitaji shamba lile kesho.

Wazee wa Idjwi waliweza kusema bila haya “sisi tulivuka” kwa sababu kuvuka hakukuwa aibu tena. Wajukuu wao walizaliwa wenyeji. Kati ya watoto wanaozaliwa sasa Butembo na Beni katika nyumba za kupangishwa na za kuazima, wengine watarudi Kayna na wengine watabaki walipo. Siku moja wataulizwa jamaa yao ilifikaje pale. Watakavyojibu kutategemea kama waliowapokea wazazi wao waliwapa jembe, na kama wazazi wao walilishika.